Miguu ni Amana



Zamani watu wa Thika na Ruiru walikwenda kwa miguu: mashambani kwenye kahawa na mikonge, sokoni, hata msikitini. Mwaka 2008 serikali ilipunguza kodi ya pikipiki ndogo, bodaboda zikaenea. Mwaka 2012 ikafunguliwa barabara kuu, na mashamba mengi ya kahawa yakageuka majumba. Sasa mtu hupanda bodaboda kwa safari ya robo saa, kisha akaketi kazini mchana kutwa.

Hatusemi chombo ni haramu. Ni neema, na mgonjwa na mkongwe wana haja nacho. Lakini mzima ana udhuru gani? Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima autumikishe mwili dakika 150 kwa wiki, kwa uchache. Msikiti wa robo saa, kwenda na kurudi kwa kukaza mwendo bila kukimbia, ni nusu saa. Siku tano, zimetimia! Na kila hatua ya kuiendea sala ina thawabu.

Nasi wa pwani tusiwacheke: tuktuk zatungoja mlangoni. Mwili ni amana, na aliyepewa amana ataulizwa. Mwenyezi Mungu atupe taufiki.