Inacheza Kidogo Tu

Mwenye trekta mmoja wa Maramba alikuwa na jibu moja kwa kila ubovu: "Inacheza kidogo tu." Masika yalikuwa yanakaribia na wakulima wanamsubiri awalimie mashamba ya mahindi, dereva akamwambia, "Mzee, mkono wa kushoto unaobeba plau unagonga." Akajibiwa vilevile.

Kwenye ncha ya kila mkono wa chini wa trekta mna gololi kubwa ya chuma, yenye tundu katikati, imekaa ndani ya pete. Pini ya plau hupita tunduni. Plau ikikutana na kisiki, gololi hujigeuza ndani ya pete, mkono usivunjike. Gololi hiyo na pete yake ni beringi, ila haizunguki mbio kama ya gurudumu. Kazi yake ni kubeba mzigo mzito huku ikijipinda polepole. Ndiyo maana utaikuta pia kwenye silinda za makatapila.

Plau ile ilikuwa ya kuazima, ya trekta ndogo: pini milimita 22, tundu la gololi milimita 28. Bushi ya kuziba nafasi ilikuwa imepotea, na mzee hakununua nyingine. Kila plau iliponyanyuliwa pini ilipiga, pete ikazidi kutanuka. Siku moja, trekta ikigeuza mwishoni mwa shamba, gololi ikachomoka. Plau ikaanguka upande, ikachana tairi la nyuma na kumvunja mguu kijana aliyekuwa akitembea kando. Msimu ukaishia hapo.

Si mambo ya matrekta makuukuu peke yake. Tarehe 4 Novemba 2025, ndege ya mizigo aina ya MD-11 iling'oka injini ya kushoto ikiruka kutoka Louisville, Marekani. Wote watatu waliokuwamo walikufa, na wengine waliokuwa chini. Wachunguzi walikuta kishikizo cha injini kina nyufa, na pete ya beringi ya gololi iliyomo imepasuka. Mwaka 2011 Boeing iliwaandikia wenye ndege hizo kwamba pete kama hiyo ilikwisha kupasuka kwenye ndege nyingine, lakini ikaona haihatarishi usalama. Kifaa hiki kisipimwe kwa udogo wake. Kipimwe kwa mzigo kinaoubeba.

Ndugu mwenye trekta, kabla ya masika shusha plau chini, zima injini, futa matope, ushike mkono uutikise. Gololi ikicheza ndani ya pete, usilime. Nunua ncha mpya, umpe fundi stadi aichomelee.