Nafaka ya Mtoto na Baba Aliye Nchi Nyingine

Ndugu msomaji, baba amemwacha mkewe na watoto, akahamia nchi nyingine. Miaka saba ikapita. Mama adai nafaka ya miaka yote ile, baba asema, "Nilikuwa nikimpa mtu awapelekee." Je, deni lipo au halipo? Na nani wa kulipima, ikiwa huyu yuko chini ya sheria hii na yule chini ya ile?

Huko Marekani jambo hili liliwasumbua sana, kwani kila jimbo lina mahakama zake. Zamani mtoto mmoja aliweza kuwa na hukumu mbili tatu, kila moja na kiasi chake. Mwaka 1986 ikaamuliwa kwamba kila fungu lisilolipwa kwa siku yake huwa ni deni kamili, wala hakimu halipunguzi kwa kurudi nyuma. Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya mfano kwa majimbo yote, na 1996 serikali kuu ikayalazimisha kuifuata: hukumu ya kufuatwa ni moja tu, popote baba aendapo.

Ama sisi tufuatao madhehebu ya Imamu Shafii, wanavyuoni wetu wamesema kuwa nafaka ya mke iliyopita hubaki deni. Lakini nafaka ya mtoto, wakati wake ukipita, huanguka, ila Kadhi awe ameipitisha, au amempa mama ruhusa ya kukopa juu ya baba asiyekuwapo. Kwani nafaka ya mtoto ni ya kuondoa haja, na haja ya jana imekwisha pita.

Hapa ndipo wengi hujificha. Mtu husema, "Kadhi hakunihukumu, basi sidaiwi." Lakini haja ya jana ilipitaje? Ilipita kwa kuwa mama aliuza bangili zake, au babu mzee alirudi baharini kuvua. Kuanguka kwa deni mbele ya Kadhi hakufuti dhambi ya kuacha wajibu. Mwenye kumcha Mungu hutubu, akawarudishia waliomlishia mwanawe.

Mama naye asidai zaidi ya haki. Hind binti Utba alipomshtaki mumewe Abu Sufyan kwa ubahili, Mtume (S.A.W.) alimruhusu kuchukua kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema, basi. Na kama nafaka ilikwisha pitishwa, asemaye "nililipa" ndiye wa kuleta ushahidi.

Basi mama asingoje miaka saba. Aende kwa Kadhi mwezi wa kwanza uliokosa nafaka, hukumu iandikwe. Baba naye asitume fedha mkononi mwa mtu bila ya hati. Qurani imetufundisha kuandikiana madeni. Wazee wa pande zote mbili na wakae wahesabu kilichofika na kisichofika, kabla mtoto hajakua akaanza kuhesabu mwenyewe.

Wallahu aalam.