Bei ya Zamani katika Kitabu cha Mtoto

Kila mwenye nyumba ajua ya kuwa bei za vitu hazikai mahali pamoja. Fedha iliyotosha jana kununua debe la mahindi, leo haitoshi, na kesho itakuwa haitoshi zaidi. Lakini iko bei moja isiyopanda wala kushuka, nayo ni ile iliyoandikwa katika hadithi. Mtungaji akiisha kuandika ya kuwa mkate uliuzwa senti kumi, mkate ule utauzwa senti kumi siku zote, isipokuwa mtu mwingine atatia mkono wake na kuifuta bei hiyo. Huko Uingereza na Marekani mkono huo umetokea, na watu wenye akili wabishana juu yake. Ubishi wao waonekana mdogo, kana kwamba ni wa senti tu. Lakini ndani yake mna swali linalompasa kila mtu afundishaye watoto: Je, maneno ya mtu wa zamani tuyageuze ili mtoto ayafahamu upesi, au tumfundishe mtoto hata ayafahamu jinsi yalivyo?

Natuanze na mfano. Mwaka 1967 mama mmoja wa Marekani, E. L. Konigsburg, alitoa kitabu kiitwacho From the Mixed-Up Files of Mrs. Basil E. Frankweiler. Chasimulia habari za Claudia na ndugu yake mdogo Jamie, waliotoroka kwao wakajificha katika jumba la makumbusho la New York, Metropolitan Museum of Art. Jamie ndiye mtunza fedha, na akiba yake yote ni dola 24 na senti 43. Kwa fedha hiyo watoto wale walijilisha na kujisafirisha, wakibishana juu ya kila senti. Na kuingia makumbusho kulikuwa bure. Lakini tangu mwaka 2018 mtu mzima atokaye nje ya jimbo la New York alianza kudaiwa dola 25 mlangoni, na baadaye ikapanda hata 30, ingawa watoto walio chini ya miaka 12 hawatozwi. Basi akiba iliyowatunza watoto wawili leo haitoshi kumwingiza mgeni mmoja mzima. Mtoto wa leo asomapo hesabu ile hushangaa, na pengine hudhani ya kuwa watungaji hawajui hesabu.

Wale wapendao kubadilisha bei wana neno lao, na ni haki tulisikilize. Wasema: Mtungaji hakukusudia kufundisha bei za sokoni. Alitaka mtoto aone uzito, ya kwamba fedha hii ilikuwa nyingi au ilikuwa chache. Uzito ukiwa umepotea, tarakimu iliyobaki ni ganda tupu. Katika kitabu cha Louisa May Alcott, Little Women, kilichotoka mwaka 1868, msichana Jo auza nywele zake kwa dola 25, ili mama yake apate fedha ya kwenda kwa baba aliye mgonjwa hospitalini Washington. Msomaji wa leo huona dola 25 kuwa kitu kidogo. Lakini wakati wa vita vile askari wa kawaida wa upande wa kaskazini alilipwa dola 13 kwa mwezi. Kwa hiyo nywele za Jo zilikuwa karibu mshahara wa miezi miwili wa askari. Asiyejua hayo hawezi kuona ukubwa wa sadaka yake. Je, si afadhali kuandika bei mpya, ili moyo wa hadithi ubaki hai?

Neno hilo lina nguvu. Lakini tukilipima tutaona upungufu wake. Kwanza, bei katika hadithi njema haikai peke yake. Mwaka 1950 Beverly Cleary alitoa kitabu chake Henry Huggins. Mvulana Henry apoteza mpira wa mwenzake, na bei yake ni zaidi ya dola 13. Ili aulipe, akubali kumkusanyia jirani nyungunyungu wa kuvulia samaki, kila mmoja kwa senti moja. Basi hana budi kuwaokota zaidi ya elfu moja, usiku kwa usiku, amechoka na mgongo wauma. Sasa mtu akipandisha bei ya mpira, itampasa apandishe na bei ya nyungunyungu, au awaongeze hata mtoto asiweze kuwaokota. Avutaye uzi mmoja hufumua nguo yote. Tena mtoto aliyesoma mambo haya amekwisha kupewa mizani: mpira mmoja ni nyungunyungu zaidi ya elfu. Hahitaji kujua bei ya dukani ili auone uzito wa deni.

Pili, bei mpya nayo itazeeka. Anayeandika bei ya leo hana budi kurudi baada ya miaka kumi na kuandika nyingine. Vivyo hivyo na maneno. Mwaka 2010 wachapaji wa vitabu vya Enid Blyton juu ya wale watoto watano walibadilisha maneno mengi ya zamani, wakidhani ya kuwa watoto watavipenda zaidi. Na mwaka 2016 wakakiri ya kuwa jaribio lile halikufaulu, wakarudia maneno ya kwanza. Ambaye kitabu chake hubadilishwa kila kizazi, mwisho hana kitabu, ila ana jina tu juu ya jalada.

Nasi watu wa Kanisa tunalo jambo la kujifunza hapa, kwa maana wafasiri wa Maandiko waliushika mzigo huu kabla ya wachapaji wa hadithi. Katika mfano wa wafanya kazi wa shamba la mizabibu, Luther aliiita dinari ile Groschen, fedha iliyojulikana na Wajerumani wa siku zake. Na wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 waliandika peni moja. Walitaka wasomaji wao wapate uzito, na walifanya vema. Lakini peni ikapungua thamani, hata Mwingereza aliyesoma baadaye akaona bwana shamba kuwa bahili, mtu wa kulipa peni moja kwa kazi ya kutwa. Na sivyo mfano usemavyo. Ndiyo sababu fasiri nyingi za siku hizi zimerudia dinari. Wala msomaji hapotei, kwa kuwa mfano wenyewe waeleza ya kuwa fedha ile ni ujira wa siku moja. Hali kadhalika mjane maskini aliyetoa senti mbili: hatuulizi zingenunua nini leo, maana tumeambiwa ya kuwa ndiyo riziki yake yote. Hadithi ya kweli huchukua mizani yake yenyewe ndani yake.

Lakini liko jambo jingine, na tusilichanganye na hili. Bei ya zamani haimtukani mtu. Neno lingine la zamani humtukana. Roald Dahl alipotoa Charlie and the Chocolate Factory mwaka 1964, wafanya kazi wa kiwanda kile walikuwa watu wafupi weusi waliotolewa katika misitu ya Afrika, wakilipwa kwa kakao. Watu wakalalamika, nao walikuwa na haki. Na katika toleo la mwaka 1973 mtungaji mwenyewe akawageuza kuwa watu wa nchi ya kubuni. P. L. Travers naye aliandika upya sura moja ya Mary Poppins mwaka 1981, akaweka wanyama mahali pa watu wa mataifa aliokuwa amewachora kwa dhihaka. Sisi tulio Waafrika hatuwezi kumwambia mtoto wetu avumilie tusi eti kwa sababu ni la zamani. Mtungaji aliye hai akilifuta neno lake baya, hakuna aliyedhulumiwa, maana neno ni lake na toba ni yake.

Je, mtungaji akiisha kufa? Dahl alikufa mwaka 1990. Na mwaka 2023 ilijulikana ya kuwa wachapaji wake, Puffin, walikuwa wamebadilisha maneno mengi katika vitabu vyake, hata neno la kusema mtoto fulani ni mnene. Kelele zikawa nyingi, nao wakaahidi kuendelea kuyachapa na maneno ya kwanza pia. Hapa naona shauri la amri ya nane latufaa. Mfu ni jirani yetu asiyeweza kujitetea. Kumtilia kinywani maneno asiyoyasema, na kuyauza kwa jina lake pasipo kumwambia mnunuzi, ni kumshuhudia uongo, hata kama maneno hayo ni mazuri kuliko yake. Wala si kumshuhudia mema tu ndiko kunakokatazwa kuharibiwa. Hata makosa yake yasifichwe hivi kwamba ahesabiwe kuwa hakuyatenda. Kama lazima kubadilisha, na iandikwe waziwazi katika ukurasa wa kwanza: hiki kimebadilishwa, na fulani, mwaka fulani.

Kwa habari ya bei, njia iliyo bora ni ile ya Konigsburg mwenyewe. Kitabu chake kilipotimiza miaka 35, mwaka 2002, hakuzigusa dola 24 na senti 43 za Jamie. Aliongeza maneno machache mwishoni, akieleza mambo yaliyobadilika katika jumba lile tangu siku zile. Hadithi ikabaki nzima, na msomaji akapata mwanga.

Basi ninyi wazazi, na ninyi walimu mwasomeao watoto, kazi hii ni yenu kuliko ya wachapaji. Mtoto akifika penye bei ya ajabu, msiiruke wala msiigeuze kimya kimya. Mwulizeni: Mtu huyu alifanya kazi siku ngapi ili aipate fedha hii? Akiitoa, amebaki na nini? Neno letu pesa lenyewe lilikuwa jina la sarafu ndogo ya shaba, na 64 zilifanya rupia moja. Leo ni jina la fedha zote. Mtoto ajuaye hayo ajua ya kuwa ulimwengu haukuanza siku aliyozaliwa, na ya kuwa watu walikuwako kabla yake, wakipata kidogo, wakitoa kingi. Asiyefundishwa kupima kwa mizani ya mtu mwingine, atapimaje taabu ya jirani yake, ambaye shilingi elfu kwake ni chakula cha nyumba nzima, na kwa mwingine ni chenji ya kuachwa mezani?