Njia Isiyobishiwa Hodi

Aliyelelewa kubisha hodi hupata tabu siku ya kwanza kwenye Cotswold Way, huko England. Njia hii ya miguu ina urefu wa kilomita 164. Inaanzia Chipping Campden, mji mdogo uliotajirika kwa biashara ya sufu, inaelekea kusini hadi kwenye kanisa kubwa la Bath. Nchi yenyewe ni ya upole: vilima vya majani, kondoo, kuta za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, yaliyopangwa bila saruji. Hata Cleeve Hill, kilima kirefu kuliko vyote vya huko, kina mita 330 tu. Mluguru aliyezoea milima angekiita kichuguu. Hapakuwa na cha kunitisha huko ila kimoja. Kila baada ya muda unafungua geti la mtu, unaingia shambani mwa mtu, unakata katikati ya shayiri yake, na hujamwambia yeyote.

Kwenye geti la kwanza nilisimama nikitafuta wa kumwita. Palikuwa na mshale wa manjano na alama ya tunda la mwaloni, nembo ya njia za kitaifa. Mshale uliniambia nipite, malezi yakaniambia ningoje. Mwishowe nilipita mbiombio, kama aliyechuma embe la jirani.

Baadaye nilisoma sheria yao, nikakuta jambo lililonishughulisha hadi Bath. Katika England na Wales, watu wakipita mahali kwa miaka 20 mfululizo, sheria huhesabu kwamba mwenye ardhi ameitoa njia hiyo kwa umma, labda athibitishe kuwa hakukusudia hivyo. Lakini kupita huko kuna masharti matatu, yaliyorithiwa kutoka sheria ya Kirumi: kuwe bila nguvu, bila kificho na bila ruhusa.

La tatu nililisoma mara mbili. Bila ruhusa! Mimi nilidhani ruhusa ndiyo inayomfanya mpitaji awe halali. Kumbe aliyeruhusiwa anapita kwa hisani, na mwenye hisani akichoka huichukua hisani yake. Apite miaka 20, apite 40, hapati kitu. Ndiyo maana mwenye shamba mjanja hahitaji seng'enge. Seng'enge huzua ugomvi, na ugomvi huamsha watu. Yeye huweka kibao cha adabu: karibuni, njia hii iko wazi kwa idhini ya mwenyewe. Wapitaji wanafurahi, wengine wanamshukuru, na haki inanyongwa pale pale kwa ukarimu. Sijui kama ipo silaha laini kuliko hiyo.

Je, haki basi ni mtoto wa utovu wa adabu? Swali hilo lilinikera siku mbili nzima, tena siku za mvua, mpaka nilipokumbuka vijia vya kwetu Muheza. Kijia hupita nyuma ya jiko la mtu, kikakata mihogo yake, na hakuna anayebisha hodi. Unasema "Hamjambo hapo?", unajibiwa "Hatujambo, za huko?", unaendelea. Ukisema hodi watu wataacha chungu motoni waje kukuuliza una shida gani. Hodi ni ya mlango. Ya njiani ni salamu. Anayebisha hodi anakiri kwamba mwenyeji anaweza kumkatalia. Anayesalimu haombi kitu, ila hapiti kama upepo. Kosa langu pale getini halikuwa ukosefu wa adabu. Nilikosea chombo cha adabu.

Ajabu nyingine ni jinsi haki hii inavyorithiwa. Waliokanyaga vijia vilivyokuja kuungwa kuwa Cotswold Way, iliyozinduliwa kuwa njia ya kitaifa mwaka 2007, wengi wao hawakuwa na nia ya kumwachia mtu urithi. Walikwenda sokoni, kanisani, malishoni. Na njia ikishakuwa ya umma haifi kwa kuachwa. Magugu hayaifuti kisheria. Mkulima aliyeruhusiwa kulima juu ya kijia ili apande ana siku 14 za kukirudisha kipitike.

Nisiwapambe mno Waingereza, lakini. Upole huu una deni kwa watu ambao hawakuwa wapole. Tarehe 24 Aprili 1932, kaskazini huko, mamia ya vijana walipanda Kinder Scout, nyanda za juu zilizofungwa kwa ajili ya wawindaji wa ndege, kudai haki ya kupita. Watano walifungwa jela. Sheria iliyozitaka halmashauri zichore njia za umma kwenye ramani ilikuja mwaka 1949.

Siku ya tano, karibu na Wotton-under-Edge, nilimkuta mzee akirudishia mawe yaliyoporomoka ukutani. Nilimsalimu. Akainua mkono, akasema mvua itarudi, akainamia kazi yake. Hakuniuliza natoka wapi wala naenda wapi, nami sikumwomba radhi kwa kuwa shambani mwake.

Nawe ukijaliwa kufika huko, geti ulilolikuta limefungwa lifunge, na ulilolikuta wazi liache wazi. Njia ni yako, kondoo ni wa wenyewe.