Tunampeleka mtoto kambini, jiko tunamwachia nani?

Mwaka 1999, katika mji wa Leeds nchini Uingereza, ilianzishwa kambi ya likizo kwa ajili ya watoto na vijana wenye unene uliozidi. Huko walicheza, wakala kwa kipimo na kufundishwa habari za chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu vijana 185 wa kambi hiyo ulionesha kuwa walikaa wastani wa siku 29 na kupungua wastani wa kilo 6. Katika kambi nyingine za namna hiyo vijana huingizwa jikoni wakajifunza kupika wenyewe.

Elimu hiyo ni njema, hakuna wa kuipinga. Kijana akijua kwamba kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori zipatazo 120, au kwamba chupa ya soda ya kawaida ina sukari ya vijiko vidogo vinane au tisa, amepata silaha. Lakini ndugu msomaji, tujiulize: mwenye kosa ni nani hasa? Mtoto wa miaka 13 hanunui dumu la mafuta. Hapangi nini kipikwe. Kumtoa yeye peke yake akafundishwe, kisha kumrudisha kwenye sufuria ileile, ni kumwambia kuwa wewe ndiye ugonjwa wa nyumba hii.

Tena tunamwita "bonge" na "tipwatipwa", na wageni wakicheka nasi tunacheka, ilhali Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Kinywa hichohicho kinachomcheka ndicho kinachomlazimisha amalize sahani, eti kubakisha ni israfu. Israfu ni ya aliyepakua! Tumbo la mtoto si mahali pa kuficha makosa ya upakuaji wetu.

Zile siku 29, bila shaka msomaji umeshazitambua. Ni hesabu ya mwezi wa Ramadhani, ambao mara hutimia 29 na mara 30. Kila mwaka Mwenyezi Mungu (s.w.) anatuletea kambi ambayo baba, mama na watoto wote wanaiingia pamoja, bila ada na bila kusafiri. Sisi tunaifanyia nini? Magharibi inaingia kwa sambusa, bajia, kalimati za shira, tambi za sukari, viazi vya nazi, kisha daku la biriani. Siku ya Idi kanzu ya mwaka jana haimwingii kijana, na lawama ni zake.

Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Wamepokea Bukhari na Muslim kuwa mkono wake ulikuwa ukizunguka kila upande wa sahani. Mtume akamfundisha ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia na ale kilicho mbele yake. Umar alieleza kuwa hivyo ndivyo alivyoendelea kula. Somo lile lilitolewa penye chakula, na mwalimu alikuwa akila sahani moja na mwanafunzi.

Kwa hiyo madrasa zetu zikitaka kuanzisha masomo ya lishe na mapishi wakati wa likizo, zianze, lakini mtoto asiandikishwe bila mzazi. Na baba asimtume mama peke yake, maana mara nyingi anayeingia nyumbani saa 4 usiku na mfuko wa chipsi mayai ni yeye.