Ni Nani Mtengenezaji wa Miwani?

Msomaji, tuseme umejichorea fremu ya miwani katika kompyuta, nayo mashine ya leza ikaikata katika bamba la asetati kwa dakika chache. Je, waweza kusema, "Hii ni kazi yangu"? Niliposema hivyo, seremala mmoja alinicheka, akadai kwamba mkono wangu haukushika hata tupa.

Karakana za namna hii zilienea baada ya Neil Gershenfeld kuanza somo lake katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1998, zikafika hata Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini mashine ya huko haiijui pua yako. Ni wewe uliyesimama mbele ya kioo na rula ukapima upana wa uso, na umbali kati ya mboni mbili, ambao kwa watu wazima wengi hukaribia milimita 63. Ukikosea, mashine itakata kosa lako kwa utiifu ule ule, wala haitakuonya. Fremu yangu ya kwanza ilinibana panja hata nikaumwa kichwa. Nilitafuta wa kumlaumu, nikajikuta mwenyewe. Basi, anayestahili lawama atanyimwaje sifa?

Walakini sifa hiyo ina mpaka. Lenzi ni kazi ya fundi wake, baada ya macho kupimwa na mtaalamu. Hapo hapana mchezo. Na bamba lenyewe, lililotokana na pamba au miti, lilipitia mikono mingi nisiyoijua. (Ama tupa, niliishika jioni nzima nikilainisha kingo, seremala hakuwapo.)

Siku hizi husema tu, "Nimeichora mimi." Anayeuliza zaidi humwonyesha ile iliyonibana, ningali nayo.