Je, Yafaa Chama cha Siasa Kusimama juu ya Dini?

Limezuka swali katika darsa yetu, na kwa kuwa waliouliza ni zaidi ya mmoja tumeona tulijibu hapa kwa urefu kidogo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 91, imekataza chama cha siasa kuasisiwa juu ya msingi wa dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au jimbo. Waulizaji wasema: mtu ambaye dini ndiyo imwongozayo katika ndoa yake, mirathi yake na biashara yake, itakuwaje aambiwe aiwache mlangoni anapoingia katika siasa? Je, hii si dhulma?

Swali hili halitaki pupa, kwani lina historia yake hapa pwani. Mwaka 1992, baada ya kurejeshwa vyama vingi, kiliundwa Mombasa Chama cha Kiislamu cha Kenya, kilichojulikana zaidi kwa herufi zake, IPK. Serikali ilikataa kukiandikisha kwa hoja kwamba ni chama cha dini. Mji ulifazaika, na wengi wa wafuasi wake mwishowe wakaelekeza kura zao kwa Ford-Kenya katika uchaguzi wa Disemba mwaka ule. Waliokianzisha hawakuwa watu wa ndoto. Malalamiko ya Waislamu juu ya ardhi, elimu na vyeti vya uraia yalikuwa ya kweli, na mengine yangaliko.

Hata hivyo twamwomba msomaji aondoke pwani kwa fikra, aende nasi hadi Buyangu, katika kaunti ya Kakamega, ukingoni mwa ule msitu mashuhuri. (Wala asidhani kwamba mambo ya huko hayatuhusu: mwaka 2022 kura ya ugavana ya Kakamega na ya Mombasa ziliakhirishwa pamoja hadi tarehe 29 Agosti, kwa makosa ya picha za wagombea katika karatasi za kura.) Katika kaunti ile Waislamu wako, khasa Mumias, mji wa Nabongo Mumia, ambako dini ilifika zamani na misafara ya wafanya biashara kutoka pwani, lakini ni wachache. Natukadirie kwamba kanisa moja kubwa limeunda chama, likatangaza wazi kwamba ni chama cha watu wake, kisha likashika kaunti. Muislamu wa Buyangu anayetaka maji, au barabara, au haki ya shamba lake, atamwendea nani? Atamwendea mtu aliyechaguliwa ili awatumikie wengine. Sisi huku tungelipiga kelele, na tungelikuwa na haki. Basi kanuni tuitakayo itukinge Buyangu, hatuwezi kuitupa Mombasa kwa kuwa hapa tu wengi.

Chama si msikiti wala si kanisa. Mwenye kuingia msikitini ameingia kwa imani yake, na asiyeingia hakupungukiwa na kitu katika uraia wake. Ama chama ni ngazi ya kupandia mamlaka, na mamlaka humfika kila mtu, apende asipende. Mlango wa ngazi hiyo ukifungwa kwa dini, aliyeachwa nje ametawaliwa bila ya kuwa na sauti. Wala sheria haikumzuia Muislamu kugombea, wala kunena lililo haki kwa mujibu wa dini yake. Na Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 170, imezithibitisha mahakama za Kadhi. Na tukumbuke Hilful-Fudhul, ile ahadi ya watu wa Makka ya kumsaidia kila aliyedhulumiwa. Haikujengwa juu ya dini, nayo ilifanywa kabla ya utume, lakini Mtume (s.a.w.) alisema baadaye kwamba lau angeliitwa kwayo katika Uislamu angeliitika.

Kwa hivyo hatuoni dhulma katika kanuni yenyewe. Dhulma twaiona kwingine. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 yataka chama kipate wapiga kura 1,000 katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 katika 47. Madhumuni ni mazuri. Lakini mwaka 2021, wananchi walipowezeshwa kutazama daftari la wanachama, wengi walijikuta wameandikwa katika vyama wasivyopata kuvijua. Chama kilichosema kweli juu ya nafsi yake kilikataliwa. Na chama cha kabila moja, kilichokusanya majina ya watu wasio na khabari ili kionekane cha taifa zima, kikapewa cheti. Sheria ilisoma kibao cha mlangoni tu.

Na madhara yake si madogo. Kifungu cha 85 chamtaka mgombea wa kujitegemea asiwe mwanachama wa chama cho chote kwa muda wa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mtu wa Buyangu au wa Lamu aliyeandikwa pasi na ridhaa yake aweza kuwekewa pingamizi kwa jina ambalo hakulitia yeye. Twawanasihi wasomaji wetu walitazame daftari hilo mapema, na aliyejikuta humo ajiondoe kwa maandishi. Ama yule aliyekaa akayanakili majina ya jirani zake bila ya idhini yao, ikiwa alilipwa kwa idadi ya majina, fedha hiyo ina hukumu yake, nayo tutaieleza katika toleo lijalo, inshallah.